Karai la Mok Long

Watu wa Seberang Nyireh hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Waulize nani alianza ule ugomvi wa njia ya kwenda pwani, utapata majibu mengi kuliko nyumba zenyewe. Lakini juu ya keropok ya kina Zaiton, vile vitafunio vya samaki, walikuwa kitu kimoja: mpe mtoto ambaye meno ndiyo kwanza yanachomoza, mpe bibi kizee asiyeona anachokula, watakula na hutasikia mtu akikohoa. Na kila aliyesema hivyo alimalizia kwa kumtaja Selamah, kwa sababu miba ilikuwa kazi ya Selamah.

Huyu Selamah alikuwa dada mkubwa wa Zaiton. Bandani walimwita Mok Long, mama mkubwa, na mtaani pia, hata wale wasio na undugu naye. Banda lilikuwa la Zaiton, nyuma ya nyumba ya Zaiton, na Selamah alilala chumba cha pembeni katika nyumba hiyo hiyo tangu mumewe Deraman afariki. Mtoto hakujaliwa. Alichokuwa nacho duniani kilikuwa kigoda cha mbao, karai la bati, na ile kona ya banda ambapo hakuna mwingine aliyethubutu kukaa.

Mabanda mengine kijijini wanatumia samaki wadogo wadogo, wanawasaga kwa mashine na miba yao humo humo. Sisemi ni vibaya. Wanauza, wanajenga, wanakwenda Makka. Kina Zaiton wao walishikilia mkonge, yule samaki mrefu mwenye meno ya kutisha, mwenye nyama tamu kuliko wote na miba isiyo na idadi, myembamba, inayokwenda kila upande. Hasnah, binti wa Zaiton, alikwangua nyama kwa kijiko. Nyama iliingia karaini kwa Selamah pamoja na barafu, maana bila barafu inalegea na haifai tena. Hapo yeye aliipitisha kati ya vidole, kidogo kidogo, macho yakiwa kwingine kabisa, na kila mwiba uliogusa kidole aliuchomoa. Baada yake ndipo ilipotwangwa na chumvi, ikachanganywa na unga wa sagu, ikaviringishwa kwa viganja na kuchemshwa. Ile nene inayoliwa ya moto ndiyo lekor. Nyingine ilikatwa vipande vyembamba, ikaanikwa juani mpaka ikakauka, watu wakaenda kuikaanga makwao.

Nyumba ile ilikuwa na sharti lake, walilolikuta kwa mama yao. Aliyechambua miba ndiye anayekula lekor ya kwanza kutoka kwenye sufuria, mbele ya wanunuzi, kabla haijauzwa hata moja. Kama kuna mwiba alioupitisha, basi umpate yeye kwanza. Mama yao aliifanya kazi hiyo maisha yake yote, na Selamah akaifanya baada yake, na kila asubuhi alikula ya kwanza na wanunuzi wakamtazama anavyomeza.

Ganzi ilianza lini, mwenyewe hajui. Barafu miaka yote ile, unatarajia nini? Vidole vilikuwa vikifa asubuhi na kufufuka mchana, na hakuna aliyeona ajabu, hata mama yao alikuwa hivyo. Kisha Deraman akafariki. Alikuwa anafunga kamba za chandarua cha kuanikia, akasema anasikia kizunguzungu, akaketi mchangani, basi. Selamah alikaa eda mpaka ikaisha. Watu waliokuja kumpa pole walimkuta anatazama ukuta, macho makavu, na wako waliotoka pale wakinong'ona kwamba ana moyo mgumu. Upuuzi mtupu! Mwanamke wa watu alikuwa anangoja kulia kama unavyongoja chafya, na haikuja. Siku ikapita, nyingine ikapita, akazoea kungoja, mwishowe akaacha hata kungoja.

Aliporudi kwenye karai, vidole vilikufa asubuhi kama kawaida, ila mchana havikufufuka. Hakushtuka. Aliona tu kwamba viko vile, akavifuta kwa kitambaa, akaenda kuswali.

Aliyeshtuka alikuwa Hasnah. Siku moja lekor iliteleza kwenye mwiko ikaanguka pembeni ya moto, kwenye makaa. Selamah aliinama akaiokota kwa mkono, bila haraka, akaigeuza kuangalia kama imeungua, na kaa moja limenata kidoleni.

"Mok Long! Mkono! Mkono!" Hasnah alipiga kelele.

Selamah alitazama kidole chake. Kilikuwa kinatoa moshi kidogo. Akalipangusa lile kaa kwenye khanga yake.

"Mikono ya kazi hii haiungui," akasema. "Ungekuwa nayo wewe, usingekuwa unalia kila ukimenya kitunguu."

Watu wakacheka. Hasnah alikwenda kuitangaza hadithi hiyo dukani kwa majivuno, jinsi mama yake mkubwa anavyookota moto kama wenzake wanavyookota karanga. Zaiton peke yake hakucheka. Alileta dawa ya kuungua, akampaka, akambandika kitambaa.

Tangu siku hiyo Selamah alijua. Usidhani hakujua. Alijua kwamba anapopitisha nyama vidoleni ni sawa na kuipitisha kwenye matawi makavu, na mwiba unaokamatwa umekamatwa kwa bahati. Na alijua nini kitafuata akisema. Watamwambia, Mok Long, umefanya kazi ya kutosha, pumzika. Watamwekea kiti dirishani. Watamletea chai, watamletea uji, watamwuliza kila saa kama anataka kitu, na yeye hataki kitu, hajataka kitu tangu siku ya mazishi. Kwenye karai angalau alikuwa mtu. Alikuwa Mok Long wa miba. Hilo moja hakuwa tayari kulitoa.

Basi akaanza ujanja. Aligeuza kigoda akakaa kuwapa mgongo wenzake, akasema mwanga ni mzuri upande ule, na nyama akaipitisha kwenye upande wa ndani wa kiganja, pale mkono unapoungana na kifundo, ambapo ngozi ilikuwa bado hai kidogo. Kazi ikawa ya konokono.

"Mok Long, unachambua au unawabembeleza samaki walale?" Hasnah alisema.

"Wewe kwangua. Kijiko chako kinaacha nusu ya nyama kwenye ngozi."

"Tununue mashine tu, jamani. Inasaga kila kitu, na sisi tunakaa tunakunywa kahawa."

"Ukinunua mashine, uolewe nayo pia."

Kiganja kilisaidia, lakini hakikutosha. Siku nyingine, pale anapokula ile ya kwanza mbele ya watu, ulimi wake ulikutana na mwiba. Hapo ungetegemea aseme, sivyo? Aseme jamani simameni, kuna mwiba. Hakusema. Aliusukuma kwa ulimi mpaka shavuni, akameza kilichobaki, akafungua kinywa kidogo kuwaonyesha, kama kawaida, wanunuzi wakaanza kufungasha. Baadaye alikwenda nyuma ya banda akautema. Sufuria nzima ikauzwa. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja, na simtetei. Alijua watoto wanakula. Alilijua jambo hilo waziwazi na halikumsogeza popote, na hilo pia alilijua.

Ikaja Shawali. Ramadhani imekwisha, watu wamechoka kula biskuti za Idi, wanataka lekor na pilipili. Selamah alikuwa anafunga zile siku sita za sunna. Siku ile lekor za kwanza zilipoelea na Zaiton kuziopoa, Pok Loh alikuwa ameshafika. Pok Loh ni mchuuzi, mzee mwembamba mwenye pikipiki iliyofungwa makapu pande mbili, na mdomo wake ulifika kila nyumba kabla ya pikipiki.

"Haya, Mok Long," akasema, "tule ushahidi."

"Nimefunga leo."

"Ah, wewe na sita zako! Mimi nina wateja wanangoja, wewe una Shawali. Si ungefunga Ijumaa, siku tusiyopika?"

"Mungu amekuuliza wewe?"

"Nimekoma, nimekoma."

Zaiton alikuwa anafuta mikono. "Nitakula mimi," akasema. "Kuna nini? Mikono iliyochambua ni ile ile."

Ile funga ilikuwa ya sunna. Selamah angeweza kuifungua pale pale, na hakuna ambaye angemlaumu. Angesema hapana, nipe mimi, ni kazi yangu. Neno lilikuwepo. Alilitazama likipita. Akafikiri kwamba siku nyingi hakuna kitu, na leo huenda hakuna kitu, na alikuwa amechoka. Zaiton akachukua lekor, akaipuliza, akaichovya kwenye pilipili, akauma.

"Tamu," akasema, kinywa kimejaa. "Pok Loh, leo utatulipa mara mbili."

Kisha akaweka mkono kooni. Hasnah alicheka, alidhani mama yake anaigiza. Zaiton alikohoa, akakohoa tena, macho yakajaa maji, na lile pande la lekor lililobaki likamwanguka.

"Wali!" Pok Loh akapiga kelele. "Mpeni tonge la wali, alimeze zima zima, litausukuma!"

Hasnah akaleta wali. Zaiton akameza tonge, akajikunja kwa maumivu. Mtu akaleta ndizi. Akameza ndizi. Ndivyo tunavyofanya huku kwetu sote, hata mimi ningefanya hivyo, na ndivyo ule mwiba ulivyozamishwa. Kufika adhuhuri alikuwa hawezi kumeza hata mate yake, na alipoyatema yalikuwa na damu. Wakamlaza kwenye gari la mpwa wake Pok Loh, wakampeleka hospitali kubwa mjini.

Madaktari walisema mwiba umetoboa, na shingo imevimba ndani, na lazima apasuliwe. Walisema pia mambo mengine kwa sauti ya chini, na Hasnah aliyasikia, akashika ukuta.

Selamah alikaa kwenye kiti cha plastiki barazani. Alijaribu kuogopa. Alijiambia maneno waziwazi: Zaiton anaweza kufa. Zaiton, niliyembeba mgongoni nikienda naye kisimani. Mwiba ni wangu. Maneno yalikuja, yakakaa mbele yake, na hakuna kilichotokea. Alichokiwaza kwa kweli, kama unataka kujua, ni iwapo kuna mtu aliyeuzima moto chini ya sufuria, na kwamba samaki waliobaki barafu yao itakuwa imeyeyuka. Magharibi ilipoadhiniwa, mwanamke mmoja asiyemjua akampa tende na maji. Akafuturu.

"Mok Long," Hasnah akasema, uso umevimba kwa kilio, "mbona wewe hulii?"

"Nitalia baadaye."

"Baadaye lini?"

Hasnah akalia kwa ajili ya wote wawili, akalala na kichwa mapajani kwake, na Selamah akaweka mkono juu ya nywele za msichana. Aliuona mkono ukiwa pale juu, na nywele hazikumfikia.

Zaiton alipona. Alirudi nyumbani amekonda, shingo imefungwa bendeji, sauti imebaki mkwaruzo. Wanawake wa kijiji walijaa sebuleni na sahani zao za vyakula vya mgonjwa, na Pok Loh akasimama mlangoni kwa sababu ndani hakukuwa na nafasi, na wote walikuwa wanangoja neno moja. Zaiton alikunywa maji kwanza.

"Mchuzi," akasema. "Usiku wa kuamkia siku ile nilikula kichwa cha samaki. Mwiba ulikaa hapa tangu usiku. Nikaona aibu kusema. Nikala lekor nikidhani itausukuma."

"Si nilisema!" mwanamke mmoja akapiga paja. "Nilisema mimi, ya Mok Long haiwezi kuwa na mwiba!"

"Ulaji wenyewe wa Zaiton tunaujua," mwingine akasema. "Hata jicho la samaki haliachi."

Wakacheka, na chumba kizima kikapumua. Pok Loh alisema kesho kutwa anakuja na makapu yake, watu wamemchosha kwa kuuliza. Hakuna aliyemgeukia Selamah kwa jicho baya. Alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, na mtu akampa sahani, akaipokea. Karai lilikuwa lake bado. Alijua ameokoka, hivi hivi tu, kama unavyojua leo ni Jumanne.

Wageni walipoondoka alikwenda kumbadilishia Zaiton bendeji. Ilibidi atumie macho kwa kila kitu, aone kama amevuta sana au kidogo, kwa kuwa vidole havikumwambia.

"Usiku ule hatukula samaki," akasema. "Tulikula mayai."

"Najua tulikula nini."

"Kwa nini umewaambia vile?"

Zaiton alimshika kifundo cha mkono, pale ambapo dada yake bado alisikia kidogo. Alijua pale ndipo.

"Dada, mimi si kipofu. Tangu siku ya lile kaa la moto najua. Nimekuona ulivyogeuza kigoda. Nimekuona unavyochambua kwa kiganja."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Nikwambie toka kwenye karai, kakae dirishani? Shemeji Deraman ameondoka, na karai nalo nikunyang'anye? Ungekaa kwenye kile kiti wiki moja, ya pili tungekubeba." Sauti ilimkatika, akanywa maji. "Nimekuona pia unavyouficha mwiba shavuni. Kwa hilo, dada, nilikuchukia. Nakwambia kweli. Nililala nikikuchukia."

Selamah alimaliza kufunga bendeji.

"Kwa hiyo sasa iko hivi," Zaiton akaendelea. "Wewe utachambua. Ya kwanza nitakula mimi. Wewe ukila utaficha, na watoto wa watu watakula. Mimi nikikuta mwiba, namwaga sufuria yote, nasema samaki alikuwa ameoza. Hakuna atakayejua."

"Na koo lako?"

"Koo ni langu. Nilishatema damu, nimerudi. Wewe kaa kwenye kigoda chako."

Selamah alisema sawa. Ndivyo alivyosema: sawa. Alikuwa amepewa kila alichokitaka.

Siku ilipofika, mkonge waliletwa wabichi, Hasnah akakwangua, nyama ikaja karaini. Selamah akakaa kwenye kigoda. Hakugeuza mgongo safari hii, kwa nani sasa? Akatumbukiza mikono kwenye barafu. Pok Loh alikuwa amefika mapema mno, ameketi juu ya pikipiki yake akipiga soga na Hasnah juu ya bei ya petroli.

Zaiton alitoka jikoni na sahani. Aliiweka kwenye benchi karibu na sufuria, mahali pake pa kukaa. Juu ya sahani palikuwa na tonge la wali baridi, limebanwa vizuri, na ndizi mbivu moja. Daktari alikuwa amemkataza wali, alimwambia wazi, ukikabwa tena usimeze kitu. Lakini mtu hutumia anachokijua. Alivipanga vile vitu viwili kama mtu anayeweka kijiko na kikombe, akafunika na kawa asije nzi, akaanza kuchochea moto.

Selamah aliitazama ile kawa. Alitafuta uchungu ndani yake, akatafuta aibu, akatafuta hata huruma, na nakuapia hakukuta kitu. Lakini alielewa. Kwa kichwa tu, kavu kavu, alielewa kwamba mdogo wake anajiandaa kukabwa, na kwamba atajiandaa hivyo kesho, na siku itakayofuata, kila asubuhi atabana tonge lake na kukodoa macho kungoja, ili yeye Selamah abaki na mahali pa kukaa. Mikono ilikuwa bado inakwenda karaini. Akaitoa. Akainuka.

"Hasnah! Kakate kucha."

"Eh?"

"Kucha hizo. Zikate zote, uoshe mikono, uje ukae hapa."

"Hapo? Kwenye karai?" Hasnah alimtazama mama yake. "Mok Long, nimefanya nini tena?"

"Dada," Zaiton akasema. "Kaa chini."

Selamah akamgeukia mchuuzi.

"Pok Loh. Kwa kuwa mdomo wako unafika kila nyumba, sikiliza vizuri usije ukakosea. Mikono yangu imekufa ganzi. Haisikii mwiba, haisikii moto. Imekufa siku nyingi na nikawa naficha. Ule mwiba uliomkaba Zaiton ni wangu, ulitoka kwenye karai hili. Mchuzi wa samaki haukupikwa."

Pok Loh aliteremka kwenye pikipiki. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, hakujua aitazame ardhi au aitazame bahari.

"Mok Long, mambo haya si lazima kuyasema..."

"Kawaambie. Na wenye watoto waambie kwanza."

"Nitawaambia," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuongeza mzaha.

"Dada! Kaa chini, nakwambia!" Zaiton alitaka kupiga kelele lakini koo lilikataa, ukatoka mnong'ono, na mnong'ono wenyewe ukageuka kilio. Alikuwa ameshika mwiko, analia na mwiko mkononi, maji yanachemka nyuma yake. Selamah alikwenda kwenye benchi, akafunua kawa, akachukua ile ndizi, akaimenya polepole kwa kutumia macho, akamtilia mkononi.

"Kula," akasema. "Hujala kitu tangu asubuhi. Kula kama chakula tu."

Zaiton akauma ndizi huku machozi yanamwingia kinywani. Alikuwa mbaya kumtazama. Wali Selamah akautupia kuku.

Hasnah alirudi kucha zimekatwa vibaya, moja ndefu moja fupi. Akakaa kwenye kigoda, mdogo sana pale, magoti juu. Akatia mikono kwenye barafu, akaitoa, akaitia tena.

"Ya Allah! Barafu hii! Mok Long, uliwezaje na hii kila siku?"

"Punguza maneno. Shika kidogo, pitisha. Usitazame, macho yatakudanganya. Angalia kule kwenye vyandarua. Pitisha polepole. Tena."

"Sisikii kitu."

"Utasikia. Tena."

Selamah alichuchumaa mbele yake. Kona ile ilikuwa yake, na sasa alikuwa anaiona kutoka upande mwingine, upande ambao hakuwahi kuuona. Mwili wa Hasnah uliizuia. Kesho watamletea kiti, alilijua hilo, na kesho kutwa chai.

"Aii! Mama yangu!"

Hasnah alichomoa mkono. Mwiba ulikuwa umesimama kwenye ncha ya kidole cha shahada, mwembamba, na chini yake tone la damu. Alitaka kukitia kinywani. Selamah akamwahi, akakishika kile kidole, akakivuta karibu na uso wake.

"Kinauma?"

"Kinauma, ndiyo! Kinawaka!"

"Kinawakaje?"

Hasnah alidhani anataniwa. Akamtazama mama yake mkubwa, akaona kwamba hapana, anauliza kweli, anangoja jibu, kama mtu anayeuliza habari za mji aliohama.

"Kama... hapa kwenye ncha ni moto," akasema. "Halafu kinapiga. Kinapiga dup, dup. Kinapanda mpaka kwenye kiwiko."

"Mpaka kwenye kiwiko?"

"Ndiyo, Mok Long."

Selamah alibaki amekishika. Kidole kilikuwa na joto, bila shaka kilikuwa na joto, na halikumfikia hata chembe. Alimwonea wivu yule msichana. Wivu mkali, wa kweli, kwa ajili ya tone lile la damu, ukamkaba mpaka akashindwa kumeza mate. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichokihisi tangu walipomteremsha Deraman kaburini. Aliachia kidole.

"Huo ndio mwiba," akasema. "Utoe, tuendelee."